9 isiwe ya kwanza

Wandugu wanafunzi, programu ya C ikikawia, wengi wetu tunakimbilia kill -9. Mimi ninasema hapana. Ishara 9, SIGKILL, haizuiliki: programu inakufa palepale bila kufunga faili, na pointi za darasa zinaweza kubaki nusu. Tena mtoto aliyezaliwa kwa fork anabaki yatima, anaendelea na kazi peke yake. Tutume kwanza 15, SIGTERM, tungoje kidogo.

Lakini mwandikaji naye iko na kazi yake: apokee 15 kwa sigaction, aipitishe kwa mtoto, amngoje kwa waitpid. Mtoto aliyekufa bila kungojewa anabaki zombi muda mzazi angali hai. Mzazi asitoke mbele ya watoto. Ninyi munasema namna gani?