KIWANJA KIMOJA, MIHURI MITANO

Wako watu katika mji huu wanaovuna bila kulima. Shamba lao si Mgeta wala Matombo. Shamba lao ni haja ya mwenzao ya kupata mahali pa kulaza watoto. Asubuhi utawakuta Msamvu, simu mbili mkononi, wakiuza Kihonda, wakiuza Mkundi, wakiuza Lukobe, wakiuza mpaka Bigwa. Jioni ukiwauliza hati ya kile walichokiuza wanakujibu, "Ndugu, usiwe na wasiwasi, mwenyekiti anajua." Na tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, wimbo wao umekuwa mmoja: karibu na stesheni. Kiwanja cha Mkundi, karibu na stesheni. Cha Mindu, karibu na stesheni. Ukiwasikiliza utadhani stesheni hiyo ina miguu.

Nasema wazi kwamba biashara hii, kama inavyoendeshwa, ni unyonyaji. Na wanaonyonywa ni wale wale: mwalimu, muuguzi, mama auzaye mboga Soko la Kingalu, kijana wa bodaboda aliyeweka akiba shilingi kwa shilingi. Huyu akipoteza milioni tano hapotezi fedha tu. Amepoteza miaka sita ya maisha yake, na hakuna baraza litakalomrudishia miaka.

Yafaa kwanza tukumbushane ardhi hii ni ya nani. Wazee wa Uluguru hawakujua habari ya kuuza udongo. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na mgeni aliyepewa mahali pa kulima alitoa ngoto, zawadi ya kukiri kwamba mwenyewe yupo. Wajerumani walipokuja wakatangaza mwaka 1895 kwamba ardhi yote ni ya Mfalme wao. Waingereza wakafuata na sheria yao ya mwaka 1923, wakaitia mikononi mwa Gavana. Walipotaka kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta milimani, watu walikataa, na mwaka 1955 huko Matombo kukawa na ghasia mpaka mpango wote ukaachwa. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipoleta wazo la kuwagawia Waafrika ardhi iwe mali yao kabisa ya kuuza watakavyo, Mwalimu Nyerere aliandika kulipinga. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: katika nchi ya maskini, ardhi ikiwa bidhaa, baada ya miaka 50 haitakuwa kazi kujua nani amekuwa kabaila na nani mpangaji.

Hesabu hiyo ya miaka 50 ilitimia mwaka 2008. Nao ndio mwaka ambao Bunge letu lilipitisha sheria ya mikopo ya nyumba iliyowarahisishia wenye mabenki kuuza nyumba ya mdaiwa. Sisemi sheria hiyo haina faida. Bila dhamana hakuna benki itakayokopesha. Nasema tarehe hizo mbili zingekaa pamoja ukutani katika kila ofisi ya tawi.

Sasa, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Maana yake ni nini kwa mtu wa Mafisa anayetaka kiwanja? Maana yake ni kwamba hanunui udongo. Ananunua haki ya kuukalia kwa miaka iliyoandikwa, 33 au 66 au 99, kwa masharti yaliyoandikwa. Haki hiyo huhamishwa kwa kuandikishwa mbele ya Msajili wa Hati. Haihamishwi chini ya mwembe. Haihamishwi kwa karatasi ya dafutari yenye sahihi za mashahidi wanne waliopewa soda. Kwa ardhi yenye hati, mauzo ambayo hayajasajiliwa hayajakamilika, hata kama fedha zimekwisha kuliwa na muuzaji amekwisha kuhamia Ifakara.

Hapa nafika mahali ambapo baadhi ya viongozi wa mitaa watanikasirikia, na wengine ni wa chama chetu, tunakaa nao vikaoni. Ni ile asilimia kumi. Mtu akinunua kiwanja cha milioni sita, anaambiwa laki sita ni za "ofisi ya mtaa", la sivyo muhuri haugongwi. Nauliza: Sheria ya Ardhi imempa mwenyekiti ujira huo kifungu cha ngapi? Mwenyekiti ni shahidi. Anaweza kusema, naam, huyu muuzaji namjua, ameishi hapa, majirani zake ni fulani na fulani. Ushahidi huo ni mwema na wajibu wake autoe. Lakini shahidi anayelipwa asilimia kumi ya bei si shahidi tena, ni dalali mwenye muhuri. Na dalali hupenda kiwanja kiuzwe mara nyingi. Ndiyo maana utakuta kiwanja kimoja kimegongewa mihuri mitano kwa watu watano, na wote watano wanakutana pale siku ya kumwaga mchanga.

Wako wasemao, "Watu wetu hawasomi, ndiyo maana wanaibiwa." La! Mtu anayesema hivyo ajiulize kama amewahi kuwaeleza. Kazi yenyewe si elimu ya Chuo Kikuu. Kiwanja kilichopimwa kina namba ya kitalu na namba yake, kina ramani iliyoidhinishwa, na kina bikoni ardhini. Muombe muuzaji nakala ya hati au barua ya toleo, uende nayo ofisi ya ardhi, ulipe ada ya upekuzi, upewe jibu kwa maandishi: mmiliki ni nani, kuna mkopo juu yake au hakuna, kuna zuio la mahakama au hakuna. Kisha mchukue mpimaji aliyesajiliwa akakuonyeshe bikoni zenyewe, maana kuna wauzaji wanaokuonyesha kiwanja kizuri kilichoinuka, na karatasi ni ya kile cha bondeni. Ongea na majirani bila dalali kuwapo. Uliza risiti za kodi ya pango la ardhi. Deni la miaka kumi litakuwa lako ukishanunua. Hayo yote ni kazi ya wiki moja au mbili. Muuzaji anayekwambia kwamba wiki mbili ni nyingi kwa sababu yuko mteja mwingine kutoka Dar es Salaam, mwache amuuzie huyo mteja.

Ukikuta hakijapimwa, usidanganywe kwamba "upimaji uko njiani." Huenda uko njiani, huenda umepotea njia. Ramani ikija inaweza kukuta sebule yako ni barabara. Anayenunua mahali pasipopimwa ajue ananunua bahati, na bei iwe ya bahati.

Tena kuna maji. Mji huu umekaa miguuni pa Uluguru, na kila tone linaloanguka juu linashuka kwetu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Lakini viwanja vinauzwa kando ya mto Morogoro, kando ya Ngerengere, na kuelekea Bwawa la Mindu linalonywesha sehemu kubwa ya mji, na vinauzwa mwezi wa Septemba, wakati mto ni mchanga mtupu na watoto wanacheza mpira ndani yake. Nenda ukakione kiwanja mwezi wa Aprili. Kama huwezi kungoja Aprili, tazama alama ya tope katika kuta za jirani; ukuta haujui kudanganya.

Nina neno juu ya akina mama. Katika desturi ya Waluguru ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo ilifuata njia hiyo. Leo tumeshuka mjini, na karatasi ya kiwanja inaandikwa jina la baba peke yake, ijapokuwa nusu ya matofali yametoka katika mchezo wa kina mama na vitumbua vya alfajiri. Huku si kuendelea. Bibi yake huko Kinole alikuwa na sauti juu ya shamba kuliko yeye aliye na nyumba ya bati Chamwino! Sheria ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Basi siku ya kuandika mkataba, majina yawe mawili. Mume anayekasirika kwa kuombwa hilo amekwisha kutoa jibu la maswali mengine.

Sasa tuje kwa wale waliokwisha kujenga, na ambao hawalali kwa sababu ya deni. Mimi nimesomea ualimu, na mwalimu hawezi kupita ubao mtupu bila kuandika hesabu. Tuseme mtu amekopa milioni 60 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, alipe kwa miaka 20. Kila mwezi atalipa karibu shilingi 790,000. Katika mwezi wa kwanza, 750,000 ni riba; deni lenyewe limepungua kwa elfu arobaini tu. Mpaka anamaliza atakuwa amelipa karibu milioni 190. Nyumba moja amejenga kwa ajili yake, na mbili amewajengea waliomkopesha. Bado huyo ni mkopeshaji wa halali, mwenye ofisi na vitabu. Mwalimu wa shule ya msingi auangalie mshahara wake kabla ya kuliangalia tangazo.

Wale wa pili ndio kupe kamili. Watu wamewaita kausha damu, na jina limewakaa barabara. Asilimia 20 kwa mwezi: ukikopa milioni moja na kukaa miezi mitano bila kulipa, riba peke yake imefikia milioni nyingine. Lakini ubaya wao mkubwa hauko katika riba. Uko katika karatasi. Hawakuandikii mkataba wa mkopo. Wanakusainisha mkataba wa mauziano ya nyumba, tarehe wazi, na kukwambia ni "utaratibu tu". Ukichelewa wiki mbili, tarehe inajazwa, na kesho yake unaambiwa wewe ni mpangaji katika nyumba uliyoipiga lipu kwa mkono wako. Ndugu wananchi, asiyekusudia kuuza asisaini mauzo. Hata kama mtoto yuko wodini. Mwite katibu wa tawi, mwite mchungaji, mwite shehe, mwite mjomba, watu wachange. Lakini karatasi ile isisainiwe.

Na mwenye deni la halali asijifiche. Nimewaona wengi wanaozima simu na kutoka kwa mlango wa uani kila afisa wa mikopo apitapo. Kujificha kunampa mkopeshaji nguvu. Mwezi ule ule kipato kinapoyumba, nenda kwake kwa miguu yako, na barua, ukiomba marejesho yapunguzwe na muda uongezwe. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Akikataa, bado sheria haijakuacha uchi. Anapaswa kukupa taarifa ya maandishi ya siku 60 ulipe kabla hajauza. Mnada wenyewe lazima utangazwe siku 14. Nyumba ya ndoa haiwi dhamana halali bila ridhaa ya mwenzi, na anayedanganya benki kwamba hana mke ametenda kosa. Muuzaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri. Nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inamdhania kwamba amevunja wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Na fedha inayobaki baada ya deni na gharama ni ya mwenye nyumba. Ni wangapi Morogoro waliouziwa nyumba wakaondoka na mabegi bila hata kuuliza kilichobaki?

Asiye na fedha ya wakili anayo haki chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kuwatafuta watoao msaada huo na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Na Baraza la Ardhi na Nyumba lipo hapa hapa mjini. Aende kabla ya mnada. Baada ya nyundo kulia, aliyenunua kwa nia njema naye ana haki zake, na kesi inakuwa ya miaka.

Mimi na vijana wenzangu hatutaki kupiga kelele tu. Tunadai Halmashauri ya Manispaa ibandike katika kila ofisi ya kata orodha ya vitalu vilivyopimwa na ramani zake, kwa herufi ambazo mzee asiye na miwani anaweza kuzisoma. Tunadai kila mtaa uwe na daftari moja la mauzo, lenye kurasa zilizohesabiwa, lililo wazi kwa mwananchi yeyote kulitazama bure. Na tunadai asilimia kumi ikome. Matawi yaanze na wenyeviti wa chama chetu wenyewe: waitwe mbele ya mkutano wa wanachama, waulizwe mwaka huu wamegonga mihuri mingapi, kwa viwanja vipi, na fedha imeingia kitabu gani. Mwenyekiti atakayeona nimemsingizia aandike kwa Mhariri, na alete daftari lake.