Si kila maumivu ya tumbo ni vidonda

Jirani yangu mmoja hapa Nairobi alimeza dawa za vidonda vya tumbo kwa karibu miaka miwili. Kila alipokula pilau au nyama ya kukaanga, usiku alijikunja kitandani akiushika upande wa kulia, chini ya mbavu. Maumivu yalipanda hadi begani, akatapika, kisha baada ya saa mbili tatu yakatoweka. Asubuhi alikwenda kazini kama kawaida. Siku alipofikishwa hospitalini, macho yake yalikuwa ya manjano.

Yalikuwa mawe ya nyongo.

Nyongo hutengenezwa na ini na kuhifadhiwa katika kifuko kidogo kilicho chini yake. Tukila mafuta, kifuko hicho hujibana ili kuimwaga utumboni. Aghalabu mawe hutokea kolesteroli inapozidi katika nyongo na kuganda. Jiwe likiziba njia wakati kifuko kinajibana, ndipo mtu hulia.

Akina mama, hasa waliozaa mara kadhaa, huathirika zaidi. Wanene pia, na hata anayekonda kwa ghafla. Nawe mzazi mwenye mtoto wa selimundu, usidhani mwanao ni mdogo mno: chembe zake za damu huvunjika upesi, na mabaki yake hugeuka mawe.

Picha ya altrasaundi, isiyo na uchungu wowote, huyaonyesha. Yasiyosumbua kwa kawaida huachwa yalivyo. Yanayosumbua hutolewa pamoja na kifuko chenyewe. Mbona wasitoe mawe tu? Carl Langenbuch, aliyefanya upasuaji huu kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka wa 1882, alishikilia kwamba kifuko kikibaki kitazaa mawe mengine. Mjerumani mwenzake, Erich Mühe, ndiye aliyekitoa kwanza kwa kupitia matundu madogo, mwaka wa 1985. Kwa njia hiyo wengi hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili. Pasipo na mitambo hiyo, daktari hupasua chini ya mbavu, na mgonjwa hulazwa siku zaidi.

Jirani yangu alikuwa amejaribu pia mafuta ya zeituni na maji ya ndimu, akaona madonge ya kijani chooni, akafurahi. Madonge hayo ni mafuta yenyewe yaliyogeuka sabuni tumboni! Jiwe lake lilikuwa limeteremka na kuziba mfereji wa nyongo. Ilibidi kwanza litolewe kwa mpira mwembamba uliopitishwa mdomoni, ndipo akapasuliwa. Jiwe la namna hiyo laweza hata kuliwasha kongosho, na hilo huua. Basi maumivu yakizidi saa sita, au pakiwa na homa na kutetemeka, macho ya manjano au mkojo mweusi kama chai ya rangi, usingoje kupambazuke.

Ini lake bado linatengeneza nyongo, nayo sasa hutiririka moja kwa moja hadi utumboni. Pilau anakula, ila mumewe amepunguziwa mafuta bila kuulizwa.