Kidole kikinasa, pima sukari

Na Nyangeta Magesa

Waulize akina mama wa Butiama kwa nini kidole cha pete hakinyooki asubuhi, watakuambia ni jembe. Bunda watasema ni kuchuma pamba. Pale mwalo wa Mwigobero, Musoma, lawama itaangukia kamba za nyavu. Siwabishii moja kwa moja, maana mkono unaokazwa kutwa nzima lazima uchoke. Lakini jembe likishabeba lawama yote, hakuna anayekwenda kupima sukari, na hilo ndilo linaloniumiza.

Kidole hukunjwa na kano, kamba ngumu inayotoka kwenye msuli wa mkono na kupita kiganjani. Kano hiyo huteleza ndani ya ala, na ala hushikiliwa kwenye mifupa na vipete vidogo. Kipete cha kwanza kiko kiganjani, kwenye shina la kidole. Kikinenepa, au kano ikiota uvimbe, inakwama mlangoni kama uzi wenye fundo kwenye tundu la sindano. Ukilazimisha, inapenya kwa kishindo, na maumivu yanapanda. Daktari Mfaransa Alphonse Notta alilieleza tatizo hili mwaka 1850, kwa hiyo si ugonjwa mpya wala si kurogwa.

Katika watu 100, 2 au 3 hupatwa nalo maishani. Kwa wenye kisukari idadi hiyo hufika kama 10. Sukari ikikaa juu kwa miaka, nyuzi zinazojenga kano na ala hushikana na kukakamaa. Wanawake wa umri wa kati ya miaka 40 na 60 ndio huathirika zaidi. Kuhusu kazi za mikono watafiti bado wanabishana. Kuhusu kisukari wamekubaliana.

Sasa tazama tunavyofanya nyumbani. Kidole kinavutwa, kinachuliwa kwa mafuta ya moto, na wengine wanachanjwa chale. Kwa mtu mwenye kisukari asichokijua, wembe huo ni hatari kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari wa Dar es Salaam, akiwamo Zulfiqarali Abbas, walichapisha taarifa za wagonjwa wa kisukari ambao kidonda kidogo cha mkono, hata cha kuumwa na mdudu, kilioza na kusambaa. Wapo waliokatwa vidole au mkono, na wapo waliofariki. Wengi walikuwa wamechelewa kufika hospitali. Kidole kikivimba chote, kikawa cha moto na kuuma hata kikiguswa, hapo si kunasa tena: nenda hospitali siku hiyohiyo.

Tiba yenyewe haitishi. Hatua ya kwanza ni kupumzisha kidole na kukifunga banzi kwa wiki kadhaa, hasa usiku. Ikishindikana, daktari huchoma sindano ya steroidi kwenye ala, na zaidi ya nusu ya wagonjwa hupata nafuu. Kwa mwenye kisukari sindano hiyo hufanya kazi kwa kiwango kidogo zaidi, tena hupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo mwambie daktari hali yako kabla hajachoma. Ikibaki upasuaji, ni ganzi ya kiganjani, mkato mdogo, kile kipete kinachanwa, na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo akiwa ameambiwa aanze kukunja kidole mapema.

Ombi langu kwa waganga wakuu wa wilaya zetu ni dogo. Kwenye kliniki za kisukari, mgonjwa aambiwe afumbe ngumi kisha aifumbue. Ni kitendo cha muda mfupi kuliko kupima presha. Na mama anayefika zahanati akilalamikia kidole apimwe sukari kabla hajapewa vidonge vya maumivu na kurudishwa shambani.