Nyumba ya Faiba Juu ya Pikapu: Hesabu Itangulie Resini

Kwa miaka mingi gereji za Moshi na Arusha zimekuwa zikifanya kazi ambayo vitabu vya shule haviitaji. Gari aina ya Land Cruiser huletwa likiwa zima, hukatwa, huongezwa urefu, kisha hupachikwa paa linaloinuka ili watalii wasimame na kutazama wanyama. Wengi wa mafundi wa kazi hiyo hawakupita chuo chochote cha uhandisi. Basi mtu akiuliza kama yawezekana kujenga mjini Moshi nyumba ndogo ya faiba ya kupachikwa nyuma ya pikapu, ya kulala na kuhifadhi vyombo katika safari ya kutoka Kilimanjaro hadi Kigoma au Mtwara, jibu ni jepesi: yawezekana. Swali lililo gumu ni kama nyumba hiyo itawafikisha wenyewe salama. Hapo ndipo mwanafunzi wa fizikia na kemia anapokuwa na neno la kumwambia fundi, na fundi anapokuwa na mengi zaidi ya kumwonyesha mwanafunzi.

Wavuvi wa pwani wanaifahamu faiba kwa sababu ya boti. Ni nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, zilizofumwa au kutandazwa kama mkeka, kisha zikaloweshwa resini ambayo huganda na kuwa ngumu. Kioo hubeba nguvu ya kuvuta. Resini huzishika nyuzi zisitawanyike. Nyuzi hizi zilianza kutengenezwa kwa wingi viwandani nchini Marekani katika miaka ya 1930, na mwaka 1953 ilitoka Corvette, gari la Chevrolet lenye bodi ya faiba. Ujerumani Mashariki, iliyokuwa na uhaba wa bati la chuma, ilifuata njia nyingine: kuanzia 1957 hadi 1991 Trabant iliundwa kwa bodi ya resini na mabaki ya pamba. Mfano huu wa pili ungestahili kusomwa zaidi katika nchi yenye pamba na mkonge, ingawa ni lazima kukiri kwamba nyuzi za mimea hunywa maji, na ukuta wa nje wa nyumba inayonyeshewa mvua za masika si mahali pa kuanzia majaribio hayo.

Wako wanaosema kwamba chuma ndicho imara na mengine ni mapambo. Hoja hiyo ipimwe kwa namba. Chukua nyumba yenye urefu wa mita 2.5, upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 1.5, isiyo na sakafu yake kwa kuwa inakaa juu ya bodi ya pikapu. Paa na kuta zake nne zina eneo la mita za mraba 17.4. Zikijengwa kwa bati la chuma la milimita 1.2, bati peke yake lina uzito wa kilo 164 hivi, kabla ya kuunganishwa na fremu. Zikijengwa kwa faiba ya milimita 4, uzito ni kama kilo 104. Ni kweli kwamba chuma kama maada kina ukakamavu unaokaribia mara 30 ya ule wa faiba ya mkeka. Lakini ukakamavu wa ubao dhidi ya kupinda hukua kwa kipeo cha tatu cha unene: unene ukizidishwa mara mbili, ukakamavu huongezeka mara nane. Kwa sababu hiyo faiba ya milimita 4 inalishinda kidogo bati lile, nayo ni nyepesi kwa kilo 60.

Fundi mwenye akili hataishia hapo. Atagawanya faiba katika ngozi mbili za milimita 1.5, na katikati ataweka povu gumu la unene wa milimita 20, la namna ile iliyomo katika kuta za jokofu. Uzito unashuka hadi kilo 90 na kidogo, bila kuhesabu gundi, na ukakamavu unapanda zaidi ya mara 50, mradi ngozi zishikamane na povu bila kuacha nafasi. Ni siri ile ile ya mfupa wa ndege, wenye ngozi ngumu nje na wepesi ndani. Tena povu huzuia joto kupita, jambo ambalo msafiri ataliona faida yake atakapolala Same mchana wa Februari, au karibu na Lango la Marangu usiku wa Julai.

Hata hivyo wepesi wa kuta si ruhusa ya kupakia. Tuseme pikapu ina kilo 1,600, kitovu chake cha uzito kiko sentimita 65 kutoka ardhini, na kati ya gurudumu la kulia na la kushoto pana sentimita 150. Ikiwa tupu, ingeweza kulazwa upande hadi pembe ya digrii 49 kabla ya kupinduka. Pachika nyumba ambayo pamoja na maji, vyombo na vitanda ina kilo 600, na kitovu chake kiko sentimita 160 juu. Kitovu cha vyote viwili kinapanda hadi sentimita 91, na pembe inashuka chini ya digrii 40. Hiyo ni hesabu ya gari lisilo na springi, lililosimama. Katika kona, likiinama kwa mwendo, hali ni mbaya zaidi. Kwa hiyo tangi la maji na betri vikae chini kabisa, na juu ya paa pasiwekwe kitu kizito.

Upo pia wenzo ambao husahauliwa. Ekseli ya nyuma ni egemeo. Mzigo wa kilo 300 uliokaa sentimita 60 nyuma ya ekseli hiyo, katika gari lenye mita 3 kati ya ekseli mbili, huyaondolea magurudumu ya mbele kilo 60 za mgandamizo. Dereva anayepanda mlima kwa matope atahisi usukani umekuwa mwepesi, na huenda akafurahi, ilhali hiyo ndiyo dalili ya hatari.

Kuhusu kemia, Moshi si mahali pamoja. Resini ya poliesta huyeyushwa katika stairini, nayo huganda baada ya kutiwa peroksidi, kwa kawaida gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo. Peroksidi hufungua vifungo maradufu, molekuli hushikana kama wavu, na joto hutolewa. Alasiri ya Februari mjini, mchanganyiko huweza kuganda ndani ya ndoo kabla mkeka haujalowana. Anayepanda kiasi cha mita 1,000 juu ya mji hukuta hewa iliyo baridi zaidi kwa nyuzijoto zipatazo 6, na asubuhi za Juni na Julai zikishuka chini ya nyuzijoto 15 resini hubaki laini, wala haitafikia nguvu yake. Kupunguza peroksidi mno wakati wa joto nako huacha kazi isiyoiva. Dawa ni kuchagua saa ya kufanya kazi, na kuchanganya kidogo kidogo.

Jambo la afya halina mjadala. Mvuke wa stairini hulewesha na kuudhi mapafu, kwa hiyo kazi ifanyike penye upepo, kwa barakoa yenye mkaa wa kunasa mvuke. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Tone la peroksidi likiingia jichoni laweza kupofusha. Na peroksidi isichanganywe kamwe moja kwa moja na kichapuzi cha kobalti, kwani hulipuka. Kobalti hutangulia katika resini, ikakorogwa, ndipo peroksidi ifuate. Kumtuma kijana asiyejua haya akapake resini ndani ya kontena lililofungwa ni ukatili, hata kama analipwa vizuri.

Hatari nyingine huja baada ya kazi kwisha. Nyumba ya faiba haipumui kama ya mbao au ya udongo. Pumzi za watu wawili kwa usiku mmoja hugeuka matone kwenye kuta, na godoro huota ukungu. Hilo ni usumbufu tu. Lakini watu wa milimani wamezoea kuingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi, na katika sanduku hili lisilopitisha hewa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, itawaua waliolala kabla hawajaamka. Kwa hiyo tundu mbili za hewa, moja chini na moja juu, zisizoweza kuzibwa, zihesabiwe kuwa sehemu ya ukuta tangu kalibu inapochongwa. Kupika kufanyike nje.

Shule za Moshi, hasa zile za ufundi, zingefanya vema kuanza na kipande badala ya nyumba nzima: ubao mmoja wa faiba tupu na mwingine wenye povu, vyote vya sentimita 20 kwa 100, viegemezwe kwenye matofali mawili na kuwekewa mawe yaliyopimwa. Wanafunzi wachore grafu, kisha waalike mafundi wa gereji waione. Somo la polima hufundishwa mno kama orodha ya majina, na kilomita mbili kutoka darasani pana mtu anayelikoroga ndooni.

Nyumba ikishakamilika, boliti zake zipite katika vipande vipana vya chuma ndani na nje, na mpira uwekwe kati ya faiba na bodi, kwa sababu matuta madogo ya barabara ya vumbi huchana tundu la boliti lililoachwa tupu. Kisha ipakiwe mifuko ya mchanga yenye uzito wa safari nzima, ipandishwe polepole hadi Marangu na kurudishwa. Fundi apite na tochi kila kona ya ndani. Panapoonekana mistari myeupe, resini imeanza kupasuka. Pasuguliwe, paongezwe tabaka, na gari lipandishwe tena kabla godoro halijaingizwa.