Rufaa ya Kocha Haimshushi Mwamuzi

Hoja iliyochapishwa kwamba rufaa ya kocha, yaani kuomba uamuzi utazamwe upya kwenye video, humvunjia mwamuzi heshima na kuchelewesha mpira wa kikapu haisimami. NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, iliijaribu msimu wa 2019/20, kisha ikaifanya ya kudumu. Huko kocha huomba mapumziko mafupi ya timu yake ndipo akate rufaa. Akishindwa, mapumziko hayo yamekwenda. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, iliiruhusu 2022, mara moja tu kwa mchezo, tena palipo na video. Kwa masharti hayo, nani ataitumia ovyo? Kinachomshusha mwamuzi ni kosa ambalo ukumbi mzima umeliona, naye hana ruhusa ya kulifuta. Udhaifu halisi mwenye hoja hakuugusa: Bariadi, mkoani Simiyu, kwenye kiwanja cha wazi kisicho na kamera, kanuni hii haimsaidii mtu. Kwa hiyo Simiyu ianze na mafunzo ya waamuzi.