Mgongo wa Askari na Daftari la Mganga

KAKOBA, Mbarara

Jeraha la risasi hujieleza lenyewe. Lakini mgongo uliochoshwa na shanta, au goti lililoteguka katika mwendo wa usiku, halina kovu la kuonyesha. Hapo ndipo madai ya mstaafu hukwama.

Jambo hili si geni kwa wakazi wa Kakoba, kwani Mbarara ni mji wa wanajeshi. Makao makuu ya Divisheni ya Pili yako Makenke. Kati ya 1992 na 1995 Serikali ilipunguza jeshi, na askari wapatao 36,000 wakarejeshwa uraiani. Aliyekuwa kijana wa miaka 25 wakati huo, leo yuko karibu na miaka 60.

Waganga wanafahamu kwamba goti lililoumia laweza kutulia miaka 10 au zaidi kabla ya kuanza kuvimba na kukakamaa. Maumivu hudhihirika askari akiwa amekwisha vua sare. Bodi ya madaktari nayo ina haki ya kuuliza: je, mgongo huu uliharibiwa na kazi ya jeshi, au na mikungu ya matoke aliyobeba baadaye? Swali hilo si dharau. Fedha ya umma hutolewa kwa ushahidi.

Hata Marekani, ambako madai ya magoti na migongo ni miongoni mwa yaliyo mengi zaidi, mdai hutakiwa kuthibitisha mambo matatu: ugonjwa alio nao sasa, tukio lililompata kazini, na kauli ya daktari inayoyaunganisha mawili hayo. La pili ndilo gumu kulipata baada ya miaka 30.

Ifahamike pia kwamba kiinua mgongo hulipia miaka ya utumishi. Hakilipii uti wa mgongo ulioharibika. Hayo ni madai mengine. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000 inawahusu watumishi wa Serikali, lakini wanajeshi walio kazini hawamo. Wao hutegemea sheria za jeshi. Hivyo polisi na mwanajeshi walioumia ndani ya gari moja hufuata njia mbili, ila wote wawili wataulizwa maandishi.

Basi, askari aliyeumia aripoti siku ile ile, wala asione kuwa kunyamaza ndiko ushujaa. Kamanda atie sahihi. Mganga aandike tarehe, mahali na kiungo kilichoumia. Nakala abaki nayo mwenyewe. Kwa wazee waliotoka bila karatasi, ni haki ushahidi wa wenzao wa platuni upokelewe na kupimwa, kwani huenda aliyepaswa kuandika hakuwa wao.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Afya ya askari ni mali ya taifa, nayo iandikwe.