P2 si ya kila wikiendi

Mwezi huu naongea na nyie mlioko vyuoni, pamoja na wapenzi wenu.

Kila nikipanda kwetu Bungu, kule milimani Korogwe, wadogo zangu wanaosoma chuo wananivuta pembeni: “Dada, eti P2 inaharibu kizazi?” Hapana, wala haitoi mimba. Inachelewesha yai kutoka, ndiyo maana unatakiwa kuimeza mapema, ndani ya saa 72. Mimba ikishaingia, haifanyi kitu.

Lakini ni ya dharura, mfano kondomu imepasuka. Kama umelazimishwa, wahi hospitali ndani ya saa hizohizo, upate na dawa za kuzuia VVU. Ukimeza P2 leo, kesho haikulindi. Kijiti, sindano, kitanzi na vidonge vya kila siku vinazuia mimba vizuri zaidi, na kwenye zahanati za serikali ni bure. Kwa magonjwa ya zinaa, kondomu inabaki palepale.

Na wewe kaka, acha kuishia kwenye meseji ya “umemeza?” Ada ya mwenzio wazazi wanaitoa shambani. Nendeni wote kliniki, mchague njia kabla muhula haujaanza.